Mkazi wa Mitaa Kumi na Mmoja

Mimi nimewahi kuwa mkazi wa mitaa kumi na mmoja bila kuhama kitanda.

Usicheke. Kuna karatasi zenye sahihi yangu.

Mtaa wa kwanza nilikuwa fundi viatu mwenye watoto watatu. Mtaa wa nne nilikuwa mfugaji wa kuku. Mtaa wa tisa nilikuwa nimefiwa na mke. Marehemu nilimpa na jina zuri kabisa, na watu wakanipa pole.

Sijawahi kuwa hata na mchumba.

Iko hivi. Kampuni ikitaka kujenga kituo cha mafuta, ghala la gesi au mtambo wa kufua umeme, haiamki tu asubuhi ikaanza kuchimba. Kuna mamlaka ya serikali inayotoa leseni. Na sheria inasema kabla ya leseni kutoka, wananchi wanaoishi jirani waitwe, wakae, watoe maoni yao.

Shida ni kwamba wananchi wanaoishi jirani wana tabia moja mbaya. Wakiitwa watoe maoni, wanayatoa.

Hapo ndipo alipopata riziki mtu tuliyemwita Bwana Viti.

Kazi yake ilikuwa kujaza viti. Kampuni ikimwambia inahitaji wananchi sitini, analeta sitini, wameoga. Tunafika ukumbini mapema, tunakaa. Wenye mtaa wao wakija wanakuta viti vimejaa, wanasimama nje madirishani. Na karatasi ya mahudhurio inapita kwenye viti. Haipiti madirishani.

Umeelewa eeh?

Malipo yalikuwa nauli, chakula cha boksi, na kofia yenye jina la kampuni.

Kwa kuwa nilimaliza kidato cha nne, mimi nilipanda cheo haraka. Wenzangu walikuwa wananchi wa kupiga makofi. Mimi nilikuwa mwananchi wa swali.

Nilikuwa nasimama, nakunja uso, nasema nina wasiwasi. Injinia wa kampuni ananijibu. Mimi natikisa kichwa polepole, kama mtu aliyetolewa jiwe kifuani, halafu namalizia:

"Mwenyekiti, nimeridhika."

Neno hilo moja lilikuwa linamaliza kikao. Nani ataendelea kulalamika wakati yule mfiwa mwenye kuku amesharidhika?

Wenzangu wakaniita Nimeridhika. Niliitika.

Sasa, nyumbani naishi na Shangazi. Ndiye aliyenilea tangu nina miaka sita. Ni fundi cherehani, anashona sare za shule. Ana vyerehani vitatu, meza moja ya kukatia, na pasi ya mkaa nzito kama dhambi. Pasi ya umeme anayo pia. Iko juu ya kabati, imefungwa kitambaa, inasubiri umeme utulie.

Shangazi nilimwambia nahudhuria semina.

"Semina za nini?"

"Za nishati, Shangazi."

"Kila mwezi?"

"Nishati ni kitu kipana."

Akanitazama, akaendelea kutia uzi kwenye sindano. Kofia nilikuwa nampelekea yeye. Hakuvaa hata moja. Alikuwa anazikunja na kushikia mpini wa pasi ukipata moto.

Bwana Viti alikuwa na sharti moja tu: hampeleki mtu kwenye mtaa wake mwenyewe. Ndiyo maana siku ananiandikisha aliniuliza naishi wapi.

Na mimi nilidanganya.

Sikuwa na sababu ya maana. Nyuma yangu kwenye foleni alikuwepo dada mmoja mrembo, nikataja ule mtaa wa mlimani wenye mageti na mbwa wanaokula kuliko sisi. Dada hakuinua hata macho. Ila Bwana Viti aliandika.

Njia ya mwongo ni fupi, wanasema. Yangu ilichukua miezi kumi na minne.

Siku ya mtaa wa kumi na mbili tulichukuliwa mjini na basi la kukodi. Bwana Viti hakuwa anatuambia tunakwenda wapi, alikuwa anatupa vikaratasi vya majukumu tu. Changu kilisema: Fundi rangi. Uliza: mtungi ukivuja tutajuaje? Jibu: gesi imewekwa harufu. Ridhika.

Nikalala.

Nilipoamka niliona duka la vifaa vya ujenzi ninalolijua. Nikawaza, kumbe hawa watu wanaishi karibu na sisi.

Halafu nikaona kinyozi wangu.

Nikawaza, karibu sana.

Basi likasimama mbele ya ukumbi wa mtaa wetu, hatua mia tatu kutoka kitandani kwangu.

"Shukeni, wananchi," akasema Bwana Viti.

Nikamvuta pembeni. "Bosi, mimi leo tumbo haliko sawa."

"Litakuwa sawa ukikaa. Wewe ndiye swali. Nikipeleka kikao bila swali, nitakula nini?"

Nikashusha kofia hadi kwenye nyusi, nikaingia.

Viti vyote vilikuwa vyetu isipokuwa kimoja, mstari wa mbele kabisa. Kile kilikuwa na Shangazi. Baadaye niliambiwa alifika saa kumi na mbili kasorobo asubuhi, kabla mlinzi hajafungua.

Amevaa gauni lake la harusi za watu. Shingoni kaning'iniza futikamba ya kushonea, kama mganga wa suruali.

Akageuka. Akaniona. Kofia na yote.

"Ee, mwanangu!" Ukumbi mzima ukasikia. "Umekuja! Nilijua huwezi kuniacha peke yangu."

Bwana Viti alinitazama. Yale hayakuwa macho, yalikuwa notisi ya kuhama.

Mwenyekiti alikuwa mama mmoja wa mamlaka, mwenye miwani na sauti ya mtu asiyerudia. Akasoma ombi. Kampuni inataka kujenga ghala la gesi ya mitungi kwenye kile kiwanja cha wazi nyuma ya ukumbi.

Kiwanja hicho kimepakana na kibanda cha Shangazi cha kushonea.

Injinia wa kampuni akasimama, akaonyesha mchoro mzuri wenye miti. Akasema masharti yanataka kusiwe na moto wa wazi ndani ya mita hamsini kutoka kwenye ukuta wa ghala, na wao wamekagua, hakuna moto wowote.

Shangazi akanyoosha mkono.

"Upo. Pasi yangu ya mkaa inawaka kila siku isipokuwa siku ya ibada. Nimepima kutoka kwenye beko yenu, ile alama ya ukuta, hadi kwenye pasi. Futikamba hii ni sentimita mia na hamsini. Imelala chini mara ishirini na mbili. Hizo ni mita thelathini na tatu, na mtaro umo."

Injinia akatabasamu lile tabasamu la kumnyamazisha mtoto. "Mama, kuna vipimo vya kitaalamu, na kuna vipimo vya cherehani."

"Sawa mwanangu. Hiyo suruali imekubana kiuno kwa sentimita nne. Fundi uliyemwendea alikuwa mtaalamu?"

Madirishani wakacheka. Kwenye viti, wale wa makofi hawakujua kama hiyo ni ya makofi.

Kisha Shangazi akaacha utani. "Mwenyekiti, ghala likija, moto wangu utaambiwa uondoke. Moto ukiondoka na mimi nimeondoka. Kibanda changu ndicho kilichosomesha watoto watano, na mmoja wao yumo humu ndani."

Nilitazama viatu vyangu. Vilikuwa vichafu. Sikuwahi kuvipenda.

"Tunaendelea," akasema Mwenyekiti. "Kuna mwingine mwenye wasiwasi?"

Bwana Viti akakohoa. Hicho ndicho kilichokuwa king'ora changu.

Nikasimama.

Ukweli ni kwamba miguu ilisimama yenyewe, kwa mazoea. Mdomo nao ukaanza wenyewe.

"Mwenyekiti, mimi nina wasiwasi."

Bwana Viti akatikisa kichwa, vizuri, endelea.

Nikaona mgongo wa Shangazi. Hakugeuka. Alikuwa anaizungusha futikamba kidoleni, anaikunjua, anaizungusha tena.

"Nina wasiwasi," nikarudia, "na sijaridhika. Na nikijibiwa sitaridhika. Pasi ipo, naipuliza mimi mwenyewe kila asubuhi. Naomba ghala hili lisijengwe hapa."



Jamaa mmoja wa makofi akapiga makofi. Alikuwa anafuata mazoea tu, maskini.

Mwenyekiti akavua miwani, akanitazama, akaivaa tena. Akafungua jalada nene.

"Wewe ni mkazi wa hapa?"

"Ndiyo, Mwenyekiti."

"Kazi?"

Kikaratasi kilikuwa bado mkononi. "Fundi rangi," nikasema, na papo hapo nikatamani ulimi wangu uende likizo.

"Mwezi wa tatu kwenye kituo cha mafuta ulikuwa fundi viatu. Mwezi wa saba kwenye mtambo wa dizeli ulikuwa na kuku. Ukurasa huu umefiwa na mke. Pole sana."

"Asante."

"Umeridhika mara kumi na moja. Kwa hiyo pingamizi lako la leo siwezi kulipokea. Ushahidi wako hauna uzito, hata ukiwa kweli."

Ndugu msomaji, hapo ndipo nilipokoma. Mara moja tu maishani nimesema ukweli hadharani, na ukweli wenyewe ukakataliwa kwa sababu umetoka kwangu.

Nikamtazama Shangazi. Nimemponza, nikawaza. Kibanda kimekwenda na mimi ndiye niliyekipeleka.

"Ila," Mwenyekiti akaendelea, "kuna barua iliyotufikia wiki mbili zilizopita."

Akaisoma.

"Kwa heshima, naomba mamlaka itazame orodha za mahudhurio ya vikao vyenu vya nyuma. Mtakuta jina moja linajirudia. Siku ya kikao cha kwetu kijana huyo atakuwepo, ni mrefu, ana kovu kwenye kidevu, atasimama aseme ana wasiwasi, kisha atasema ameridhika. Msimwamini, wala msimfunge. Ni mtoto wangu. Wako mtiifu, fundi cherehani."

Nikashika kidevu. Kovu lilikuwepo.

Mwenyekiti akaamuru milango ifunguliwe na kila aliyeketi aonyeshe kitambulisho. Aisee, sijawahi kuona wananchi sitini wakikumbuka safari kwa pamoja. Bwana Viti ndiye aliyetangulia kwenye basi. Walibaki watu wanne kwenye viti, na mmoja wao alikuwa amelala.

Kikao kikafutwa. Kikapangwa kingine baada ya siku thelathini, kwa vitambulisho. Mtu wa vipimo wa mamlaka akatumwa akapime umbali.

Nilimkuta Shangazi kibandani, anapiga pasi kaptula za shule. Mpini ameushikia kofia ya mtambo wa dizeli.

"Shangazi, ulijua tangu lini?"

"Tangu kofia ya pili. Unadhani nikishika pasi huwa nasoma nini? Kofia zina majina ya kampuni. Nikaenda kuuliza, nikaambiwa kila kampuni ilikuwa na kikao, na kila kikao kijana mrefu mwenye kovu alikuwa na wasiwasi, kisha akaridhika."

"Na tangazo la ghala? Mbona hukuniambia?"

"Lilibandikwa kwenye ubao wa ofisi ya mtaa, chini ya tangazo la chanjo ya mbwa. Ningekuambia, siku hiyo ungeumwa tumbo."

Mtu akikujua hadi tumbo, utajificha wapi?

Akaweka pasi kwenye kigae chake. Akanitazama kwa mara ya kwanza tangu niingie.

"Lakini nina neno na wewe."

Nikajiandaa.

"Mimi niliandika utasema umeridhika. Serikalini! Kwa mkono wangu! Wewe ukasimama ukasema hujaridhika. Umeniharibia barua."

Akageuka haraka kuchukua kaptula nyingine. Ile aliyoichukua ilikuwa imeshapigwa pasi.

Mtu wa vipimo alipata mita thelathini na mbili na sentimita themanini. Shangazi alisema hizo ishirini zilizopungua ni za mtaro.

Mamlaka ilinitaka niandike maelezo ya vikao vyote kumi na kimoja, na nipite mtaa kwa mtaa kusema ukweli mbele ya watu. Sehemu nane zilikuwa zimeshajengwa. Pale kwenye mtambo wa dizeli, bibi mmoja alinisikiliza mpaka mwisho, huku mtambo unanguruma nyuma ya ukuta wa chumba chake. Ilibidi nirudie kwa sauti, hakusikia.

"Ndiyo wewe uliyeridhika?" akauliza.

"Ndiyo, bibi."

"Basi leo lala hapa."

Nililala. Nasema nililala, lakini sikulala.

Kwa hiyo funzo langu ni fupi. Kabla hujaridhika kwa niaba ya mtu, lala nyumbani kwake siku moja. Na ubao wa matangazo wa mtaa wako usome wote, hadi chini ya chanjo ya mbwa.

Kikao cha pili niliwahi saa kumi na mbili kasorobo. Nikakaa mstari wa mbele. Shangazi akaingia, akasimama juu yangu.

"Inuka. Hivi viti ni vya wenye mtaa."

"Mimi ni mkazi, Shangazi."

"Tangu lini?"

"Tangu nina miaka sita."

Akaizungusha futikamba kidoleni.

"Haya. Sogea, nikae."