Chupa za Kijani za Zuhura Wangu

Zuhura hayupo. Binti yangu, mtafiti wa maji, malaria ya siku nne imemchukua na tumeshamzika. Assalaam alaykum ndugu zangu, mnisamehe, salamu imechelewa.

Siamini bado. Asubuhi jua la Buguruni likipita kwenye chupa zake dirishani, ukuta mzima unakuwa kijani. Nakaa kitandani kama niko chini ya maji, namsubiri aseme, "Shikamoo mama, wanangu wameamkaje?"

Wanawe ni vimea vya maji baridi alivyovifuga kwenye chupa hizo, vidogo hata jicho halivioni kimoja kimoja. Mie niliishia la saba, ila nasema bila aibu: mtaa huu ni mie tu niliyezaa mtu wa lab.

Alikuwa anavitilia madini yenye sumu, shaba, risasi ya betri, kidogo kidogo, aone vinaanzia wapi kufa. "Mama, hivi vikishindwa, samaki atakula nini? Na sie je?"

Siku moja kaenda chuo, nikaona chupa moja imepungua. Bibi gani anaacha wajukuu na kiu? Nikaijaza maji ya kisima chetu, kile kilichopakana na yadi ya betri chakavu.

Siku ya tatu ikawa nyeupe kama maji ya mchele. Zile nyingine kijani vilevile.

Nilijua atanifokea. Akaiinua kwenye mwanga, nywele zake zimeshika ule ukijani wa zile nyingine.

"Umetia nini, mama?"

Nikamwambia.

"Usiyanywe tena maji yale."

Hakuiamini chupa moja. Alirudia, akapeleka sampuli chuoni, majibu yakatoka: risasi ya betri, tena nyingi. Akapita mlango kwa mlango. Jirani yetu Mama Shabani akamcheka: "Wewe si umekulia maji hayohayo mpaka ukapata digrii?"

Wengine waliacha. Wengine bado wanateka, na watoto wao wanakunywa. Kitandani, homa imempanda, Zuhura aliniuliza jambo moja tu: "Mama Shabani kaacha?" Asubuhi ile nilimwona kisimani na ndoo yake; nikamgeuzia mwanangu kitambaa cha maji kipajini.

Zuhura, wewe ulikuwa na vipimo, mama yako ana mdomo. Hapa nilipo sijachoka. Lala mwanangu, ndoo niachie mie.

Ndugu, arobaini yake inasomwa hapa nyumbani baada ya adhuhuri. Mwenzake wa lab atakuja na yale majibu, atayasoma mbele ya wote. Pilau tutapikia maji ya bomba.

Mama Shabani, mkeka wako nimeshautandika mbele kabisa. Ni Jumamosi hii.