Ukingo Mfupi wa Kisima cha Bi Somoe

Vuta picha: Bi Somoe anaingia ofisi ya serikali ya mtaa pale Chanika, ndoo ya maji kichwani, bakuli la kunde kavu mkononi. Alivyo mfupi, amepita mlangoni na ndoo yake bila kuinama.

Watafiti wa maji walikuwa wanachagua kisima kimoja kinywewe na mtaa mzima. Bi Somoe alitaka kiwe chake, kile alichochimba marehemu mumewe, Khalfani, walipohamia kutoka Lindi. Hakuja kuomba. Alikuja kupika.

Kwao maji hupimwa kwa kunde, akamweleza Sekela, binti wa utafiti. Maji ya chumvi hayaivishi. Sekela hakubisha. Wakabandika sufuria tatu, za visima vitatu, naye akachovya kipimo chake cha chumvi kwenye kila ndoo. Kunde za Bi Somoe zikaiva kwanza, na kipimo kikakubaliana nazo. Basi akatamba, mpaka jirani yake Benedicta akamwambia apunguze, kwani hayo maji hakuyaumba yeye.

Kesho yake mambo yakaharibika. Kichupa cha kupimia uchafu, chenye maji yaleyale matamu, kilikuwa kimegeuka kuwa cheusi, dalili ya maji machafu. Kisima kingeachwa.

"Ulimi wangu haukuniambia hilo," Bi Somoe alisema taratibu.

"Na kichupa changu hakijui yalikuwaje mwezi uliopita, mama. Huwa yanabadilika?"

Akafikiri. Mvua kubwa ikinyesha, akasema, maji hunukia udongo, na wanawake huyaacha kwa muda. Na juzi ilinyesha. Wakaenda kutazama. Ukingo wa kisima haukufika hata magotini. Maji ya uani, pamoja na mavi ya kuku, yalikuwa yanaingia humo.

"Mbona mfupi hivi?"

"Alinijengea mie. Alisema mkewe hatachota maji huku ananing'inia kama nguo kwenye kamba."

Sekela akacheka, kisha akamweleza dawa yake: ukingo uinuliwe, kisima kifunikwe. Bi Somoe alizunguka akiipapasa saruji ya mumewe. Mwisho akakubali, ila wamjengee na ngazi pembeni.

Fundi akajenga, maji yakatiwa dawa. Mvua nyingine kubwa ikaja ikapita, na safari hii kichupa hakikugeuka rangi. Sasa mtaa mzima unachota hapo. Bi Somoe kila akipanda ngazi yake humnong'oneza Khalfani asinune. Wewe waonaje: angenuna, au angewaambia watu kwamba ngazi ilikuwa wazo lake?