Gauni Jekundu Penye Lango la Uwanja

Mjomba wangu Mimì alilangua tiketi za muziki nje ya uwanja wa Fuorigrotta kwa miaka ishirini na mbili, na ndani hakuingia hata siku moja. Walanguzi wote wa Napoli aliwafundisha yeye, hata shemeji yake Aniello, ambaye mpaka leo sijui nani humfunga kamba za viatu.

"Kabla ya wimbo wa kwanza, tiketi ni dhahabu," aliwaambia. "Ukishaanza, ni bei ya kahawa. Na anayenunua asioneshe njaa."

Kila mwaka alimwahidi mkewe Nunzia tiketi moja, na kila mwaka akaiuza. Mwaka ule alikuja mwimbaji aliyemliza Nunzia tangu usichana wake. Safari hii hakubembeleza.

"Mimì, ukiiuza hii nahamia kwa mama. Na sufuria zangu zote."

Mjomba alicheka, kisha akakumbuka kwamba anapenda kula.

Siku yenyewe Nunzia alitengeneza nywele, akavaa gauni jekundu, akaja kusimama penye lango, mahali pa kuonekana na kila mtu. Mjomba alikuwa na tiketi yake ndani ya kofia. Mara akatokea bwana wa Milano, jasho linamtiririka, mchumba wake analia. Tiketi ya lire elfu ishirini na tano akaitolea laki moja na nusu.

Nisimsingizie mjomba: mkono ulikwenda wenyewe kwenye kofia. Alijiambia, ngoja wimbo uanze, nitampatia Nunzia nyingine kwa bei ya kahawa.

Wimbo ukaanza. Akamwendea Aniello, anapiga mluzi kama mtu asiye na shida.

"Shemeji, umebakiwa na moja? Chukua elfu tano."

Aniello akalitazama lile gauni jekundu. "Laki mbili."

"Una wazimu? Wimbo umeshaanza!"

"Umeanza kwangu. Kwako bado, mkeo si yuko nje?"

Akawazungukia wengine. Kila mmoja alilitazama gauni, akataja laki mbili na kitu, akageuka kuficha kicheko. Aliporudi kwa Aniello, wimbo wa pili ulikuwa umeanza.

"Sasa ni laki mbili na nusu, shemeji."

"Mwizi mkubwa! Nani kakufundisha haya?"

"Wewe."

Mjomba akalipa huku akilaani ukoo mzima wa mkewe. Akampelekea Nunzia tiketi.

"Umenunua bei gani?"

Angedanganya, lakini walanguzi wote walikuwa wamewazunguka wakipiga makofi. "Laki mbili na nusu," akasema, karibu alie.

Nunzia akambusu kwenye paji la uso, mbele ya watu.

"Miaka yote hii nasema hunithamini," akasema. "Kumbe kosa langu lilikuwa kukungojea nyumbani."

Akaingia polepole, wimbo wa tatu ukianza.