Chungu cha Uji cha Shangazi Eulampia

Shangazi yangu Eulampia Cuiriz hajawahi kumaliza sahani ya chakula akiwa ameketi. Anakula amesimama, jicho uani, kijiko mkononi, kama mtu aliyeambiwa basi limeshawasha injini. Kanisani husimama nyuma karibu na mlango. Padri alimwambia siku moja, "Donya Eulampia, viti ni bure." Akajibu, "Najua, Padri, ndiyo maana vimejaa."

Hapa kijijini kwetu Echeri kila nyumba ina udongo mlangoni na tanuri uani, na Shangazi amefinyanga miaka hamsini na mitano kati ya sitini na miwili aliyoishi. Mama yake alimfundisha greta, ule unga wa rangi ya chungwa unaotokana na madini ya risasi. Unaukoroga na maji, unakipaka chungu kilichokwisha kuchomwa mara moja, na kikirudi motoni kinatoka na mng'ao kama kimelambwa. Alimfundisha pia namna ya kuitambua greta nzuri: unachovya kidole, unaonja. Ikiwa tamu kidogo, ni safi. Ikiwa na ladha ya vumbi, muuzaji amekuibia. Nilipomsimulia mwalimu wangu wa kemia kule Morelia habari hii, aliweka chaki chini akaniuliza kama shangazi yangu bado yu hai. Nikamwambia yu hai na anakusalimu.

Diploma ya kemia niliisoma mihula mitatu tu kati ya sita. Shangazi huniita Profesa akitaka kuniumiza, na Nusu Profesa akitaka kunipenda.

Kwamba risasi ni sumu, hakuna asiyejua. Watu wa afya walikuja na mabango, wakaondoka, mabango tukafunikia kuni. Shangazi alipoteza mimba mbili kabla ya kumzaa Neftalí, mwanawe wa pekee. Watu walisema ni jicho baya. Vidole vyake hutetemeka asubuhi, naye husema ni baridi. Mwezi wa tano, jua linapasua mawe, bado ni baridi.

Aliyevuruga mambo ni Yadira, mke wa Neftalí, anayeuza dawa katika duka moja mjini na husoma karatasi zote zilizomo ndani ya maboksi. Alikuwa na mimba ya miezi saba. Sasa, kwetu mzazi akijifungua, mama mkwe humpikia uji wa mahindi siku arobaini mfululizo, ndani ya chungu kipya alichokifinyanga kwa mikono yake. Si jambo la kuchagua. Shangazi mwenyewe alipikiwa na mama mkwe ambaye hakumpenda hata kidogo. "Alinichukia siku arobaini," husema, "na kila siku alinichukia kwa uji mtamu." Kumnyima mtu nafasi ya kukupikia uji huo ni kumwambia kwamba mtoto ni wenu, si wake.

Jumapili moja tukiwa mezani, Yadira akaweka mbele yetu kiboksi chenye vijiti kumi vyenye pamba nchani.

"Mama, uji wako naupenda," akasema. "Ninachokiogopa ni chungu. Kijiti hiki ukikisugua penye risasi, pamba inakuwa nyekundu. Ikibaki njano, nitakunywa."

"Mumeo alikulia ndani ya vyungu hivyo."

"Ndiyo, na darasa la tatu akalirudia mara tatu."

Neftalí akainua uso kutoka kwenye maharage. "Mara mbili," akasema.

"Basi nipikie kwenye sufuria ya alumini, Mama. Sitanuna," Yadira akasema.

Sufuria ya alumini kwa Shangazi ni ya kuchemshia maji ya kunyonyolea kuku. Alitoka kwenda uani, akarudi, akatoka tena. Mara ya tatu akaniambia, "Nusu Profesa, kuna mng'ao usio na risasi. Nani anao?"

Alikuwa nao mtu mmoja tu mtaani kwetu, Donya Petronila, aliyemshika Neftalí siku ya ubatizo, na kwa hiyo wao wawili huitana komadre hadi kaburini. Lakini kujua mtu ana mapishi ya mng'ao ni jambo moja, kupewa ni jingine. Hapa mtu atakuazima mume kabla ya kukupa mapishi. Tulimkuta anachambua maharage, na Shangazi akaomba akiwa amesimama.

Petronila akaacha kuchambua. "Ni kwa ajili ya mjukuu?"

"Ni kwa ajili ya mjukuu."

"Basi huyo kijana wako aandike. Makopo saba ya ule unga mweupe wa mjini usio na risasi. Kopo moja na nusu la udongo wa kilimani, uuchuje kwa soksi ndefu ya nailoni. Kopo moja la jiwe jeupe lililosagwa. Maji mpaka uwe mzito kama mtindi."

"Kopo gani?"

"La sardini, komadre. Unadhani nina mizani ya sonara?"

"La duara au la mviringo wa yai?"

"La yai. Na ile rangi yako ya kijani usiitie ndani. Ni shaba ile, inaulegeza mng'ao, kisha ndimu na nyanya zinamalizia. Kijani kipake nje, watu wakione. Ndani acha wazi. Moto uwe mkali kuliko wa greta. Ukichungulia tanuri, rangi iwe ya kiini cha yai, si ya nyanya."

Niliandika yote nyuma ya mfuko wa mkate. Nilimlazimisha Shangazi anunue beseni jipya, brashi mpya na kijiko kipya, maana vya zamani vilikuwa na greta hadi kwenye mpini. Alinunua akilalamika njia nzima, kisha akachoma. Alizunguka tanuri siku nzima kama kuku anayetafuta pa kutaga, akiongeza kuni ambazo hazikuhitajika.

Vyungu vilitoka vizuri. Tukakijaza kimoja siki, ikalala humo mchana na usiku, na mng'ao haukufifia wala kubadilika rangi. Shangazi alitaka kushangilia. Nikamwambia siki ya jikoni inakuonyesha kama mng'ao unaliwa, haikuonyeshi kinachotoka ni nini. Yadira akavunja kijiti, akasugua ndani ya chungu, akahesabu hadi thelathini. Pamba ikawa nyekundu kama midomo ya bibi harusi. Yadira alikisukuma chungu kwa kidole kimoja hadi katikati ya meza, na kile kidole kilimuuma Shangazi kuliko maneno.

Shangazi akachoma tena, kwa vipimo vilevile. Nyekundu tena.

Kesho yake asubuhi akaenda kwenye mashine ya kusaga mahindi, ambako wanawake wote wa Echeri hupanga foleni na ndoo zao, na Petronila alikuwa wa tano.

"Komadre," Shangazi akasema, "kuna kitu ulisahau kuniambia?"

"Nimekuambia hadi soksi."

"Mapishi yako yana risasi."

"Mapishi yangu yana karatasi ya maabara. Labda mkono wako ndio wenye risasi."

"Umenipa nusu, ili mkwe wangu aje kunywa uji kwako."

"Ningetaka kukunyima, Eulampia, ningekunyima yote. Mimi uchovu wa kunyima nusu nusu siuwezi."

Mwenye mashine alikuwa ameizima ili asikie vizuri. Baadaye alisema mkanda ulikatika. Petronila alichukua ndoo yake bila kusaga na kuondoka, na alipomwita mwenzake Eulampia badala ya komadre, foleni nzima ilisikia.

Tangu siku hiyo Shangazi hakutulia mahali. Yadira aliingia mwezi wa tisa wa mimba. Shangazi alikuwa akifua nguo zilizokwisha kufuliwa, akifagia ua hadi vumbi likaisha. Nikapita kumsalimu asubuhi moja nikakuta vile vijiti vimetapakaa juu ya ukuta mdogo wa uani kama vijiti vya pipi.

"Umefanya nini, Shangazi?"

"Nimepima. Beseni, njano. Brashi, njano. Kijiko, njano. Soksi, njano. Unga wa mjini, njano. Maji, njano. Sahani ya paka, nyekundu."

"Paka ana uhusiano gani na hili?"

"Nilitaka kuona nyekundu mahali ninapoijua. Huyo ana miaka kumi na minne na hana kazi, hajali."

Vilikuwa vijiti kumi, toa viwili vya Yadira, toa saba vya Shangazi, kikabaki kimoja. Nikaanza kumweleza kwamba kile cha mwisho tukitumie kwa mpango, kwamba katika kemia mtu huanza na orodha. Nilipofika kwenye neno orodha alikuwa ameshaingiza kichwa na mabega ndani ya tanuri. Nikaona miguu yake tu. Akatoka na majivu kwenye nyusi, ameshika kijiti mbele yake kama mshumaa, na pamba ilikuwa nyekundu kuliko zote.

Tanuri hilo alilijenga marehemu mumewe, Don Eleuterio, aliyejua kujenga lakini kuongea hakujua. Lilichoma greta miaka arobaini na moja. Matofali yake yalikuwa yamekunywa mvuke wa risasi mpaka yamepata mng'ao wao wenyewe, na kila moto ukipanda yaliutapika juu ya chochote kilichokuwamo.

Shangazi aliliangalia bila kugusa kitu, jambo ambalo sikuwahi kuliona. Kisha akasema, "La Petronila liliangushwa na mvua mwaka juzi."

"Ndiyo. Akajenga upya."

"Kwa matofali mapya. Hata yeye hajui kwamba hilo ndilo lililomwokoa." Akajifuta nyusi. "Nani huandika tanuri kwenye mapishi?"

Alilivunja mwenyewe kwa sururu. Nilimfunga kitambaa chenye maji usoni na kumwagia matofali maji ili vumbi lisiruke, na hiyo ndiyo faida yote ambayo ukoo wetu umepata kwenye ada yangu. Tulipofika nusu, Don Tranquilino mwokaji alikuja na toroli.

"Donya Eulampia, matofali yaliyoiva namna hiyo hayapatikani tena. Nipe mia mbili nijengee tanuri la mikate."

"Hapana."

"Basi niuzie."

"Hapana."

"Utayapeleka wapi?"

"Nitayazika."

Mwokaji akanitazama kama ananiuliza wazimu umeanza lini. "Uchoyo huu ni mpya," akasema.

"Mapishi ya mng'ao nitakupa, Don Tranquilino, hata kama huyahitaji. Tofali sikupi hata moja. Keti juu ya toroli lako nikueleze."

Akaketi. Shangazi akamweleza akiwa anaendelea kuvunja. Tuliyazika mbali na kisima na kumwaga zege juu, na mwokaji akasaidia kuchimba, huku akiitazama mikono yake.

Kwa Petronila Shangazi alikwenda akiwa amebeba vyungu vinne vilivyochomwa mara moja tu katika jiko la shimo alilochimba upande wa pili wa ua, na mzigo wa kuni mgongoni. Mimi nilibeba beseni la mng'ao.

"Nimekuja kuomba moto," akasema mlangoni.

"Ulisema mapishi yangu yana risasi mbele ya foleni nzima."

"Nitasema mengine mbele ya foleni hiyohiyo."

"Lini?"

"Kesho."

"Saa ngapi? Nataka kuvaa vizuri."

Petronila alikuja amevaa sketi ya sikukuu na hereni. Mkanda wa mashine ukakatika tena. Shangazi alisema alikosea, akaeleza habari ya tanuri, akaanza kuyataja mapishi, na Petronila akamkatiza kusahihisha: kopo moja na nusu, si mawili, ukisema mawili watanilaumu mimi. Ndivyo mapishi yaliyofichwa miaka miwili yalivyosomwa hadharani kutoka nyuma ya mfuko wa mkate. Wapo walioandika mikononi kwa kalamu. Wapo walioondoka haraka kwenda kuyaangalia matanuri yao.

Vyungu vinne vikatoka kwenye tanuri la Petronila. Vijiti vilikuwa vimekwisha, na hata vingekuwapo, Yadira sasa alitaka karatasi ya maabara. Nikapeleka kimoja Morelia. Wakasema wiki tatu.

Mtoto hakusubiri wiki hata moja. Ni msichana, ana nywele nyingi na hasira ya bibi yake. Siku ya kwanza Shangazi alipika uji kwenye sufuria ya alumini, akaupeleka bila kumtazama mtu. Siku ya pili hivyohivyo. Vyungu vitatu vilivyobaki vilikaa juu ya rafu, na kila akipita alivigeuza kidogo, kama vinaungua upande mmoja. Wiki tatu zikawa tano, maabara ilikuwa na sikukuu zake. Aliniuliza kila asubuhi. Akaanza kuwauliza madereva wa basi.

Karatasi nilikuja nayo kutoka Morelia siku ya thelathini na nne kati ya zile arobaini. Nilimsomea palepale barabarani, maana alikuwa amekuja kunipokea kituoni na aproni yake. Penye risasi paliandikwa: haikuonekana.

"Haikuonekana maana yake haipo," akauliza, "au hawakuangalia vizuri?"

"Maana yake mashine yao haikuiona, Shangazi. Na ile mashine ina macho kuliko wewe kwenye foleni."

Hakucheka. Alikunja karatasi mara nne akaiweka kifuani, akatangulia mbele yangu karibu akikimbia.

Yadira aliisoma karatasi mistari yote, pamoja na anwani. Kisha akapokea kikombe cha uji uliopikwa katika chungu kipya, akanusa, akanywa kidogo, akanywa mwingi. Mtoto alikuwa amelala begani kwake. Neftalí alitaka kusema kitu, mkewe akamkanyaga mguu.

"Mama," Yadira akasema, "njoo uketi hapa, umchukue huyu."

Lakini mlangoni, Shangazi alipokuwa amesimama, hapakuwa na mtu. Zilikuwa zimebaki siku sita, na Shangazi alikuwa ameshafika uani, anapuliza moto chini ya chungu cha pili.