Mpishi anayempa jina msichana wa kibuyu

Saa nne asubuhi uji unatokota katika jiko la shule moja ya msingi jirani na Mkuu, Rombo. Moshi unamfuata Zita Wenseslaus kila anakohamia. Macho yanamtoka machozi, mwiko hausimami. Mbele yake kuna foleni ya vikombe vya plastiki.

"Bibi, leo anaitwa nani?" anauliza msichana wa darasa la pili.

"Wewe unaitwa nani?"

"Eliza."

"Basi leo anaitwa Eliza. Lete kikombe."

Anayepewa jina ni msichana wa hadithi fupi ya zamani ambayo Zita, mwenye miaka 54, alisimuliwa na bibi yake. Chui amekalia chemchemi juu mlimani. Wanaume wanapanda na mikuki, wanarudi mbio. Msichana anapanda na kibuyu, anachota wakati chui bado anaangalia mikuki inayokimbia. Kibuyu kinavuja. Njia yote hadi nyumbani inabaki imelowa, na watu wanachimba kwa kuifuata alama hiyo. Ndiyo mfongo, mfereji unaonywesha migomba hadi leo.

Wanaume husimulia hivyo hivyo, ila mwisho msichana anaozwa kwa mwenye mkuki mrefu. Jina hana.

"Chui ana sifa, mkuki una sifa, hata kibuyu kina sifa," anasema Zita huku akipangusa mwiko. "Aliyeleta maji anakuwa zawadi, kama mbuzi. Mimi nikiwa mdogo niliuliza, huyu hana mama wa kumwita?"

Ndiyo maana kwake msichana haozwi. Anaulizwa maji yapite wapi.

Mzee Sylvanus, msimamizi wa mfongo, hakupendezwa. Kila mwaka wanaume wanaposafisha mfongo, yeye ndiye husimulia hadithi hiyo kwenye banio, pale maji yanapochepushwa kutoka mtoni. Wanawake hawafiki huko. Hupika chini. Aliposikia wajukuu zake wakisimulia ya Zita, alimfuata jikoni.

"Alinisema mbele ya watoto," anakumbuka Zita. "Eti naharibu hadithi ya wanaume, nikome. Nikamwambia, shikamoo baba, karibu uji. Akaondoka." Anacheka kidogo. "Lakini iliniuma. Nikinyamaza, hawa wasichana watasikia ile ya zawadi tu."

Jumamosi iliyopita ilikuwa siku ya mfongo. Mzee Sylvanus alikuwa amekaukiwa sauti kwa ugonjwa wa koo, akamwachia mjukuu wake, Martin, aliyesoma shule hii na sasa amekuja kutoka mtaa wa Soweto, mjini. Martin alimfikisha chui kwenye chemchemi, akakwama.

"Wakaanza kumtania," anasema Filemon, mmoja wa wachimbaji. "Vipi, chui amekulia maneno? Yule kijana akajibu, kwa kweli mimi naijua ile ya Bibi Zita tu."

Kicheko kikakatika. Mzee akakata jani la isale na kuanza kuteremka. Wachimbaji wakamfuata na majembe yao hadi chini alikokuwa Zita, kwenye masufuria ya machalari, ndizi zilizopikwa na nyama.

Huku isale ni jani la kuombea radhi, na anayeletewa ni vigumu kukataa. Zita alilipokea kwa mikono miwili.

"Simulia," mzee alisema kwa sauti ya kukwaruza.

Alisimulia akiwa anapakua ndizi. Alipofika kwa msichana, mzee alinyoosha mkono. "Anaitwa nani?"

"Mama yako aliitwa nani, baba?"

"Beatha."

"Basi Beatha akashika kibuyu."

Wanaume wazima walisikiliza hadi mwisho, sahani zikipoa.

Sasa Zita ana ombi moja, na ameshalifikisha kwa mzee: mwakani asimulie kwenye banio lenyewe. Hajajibiwa. Jani la isale amelichomeka juu ya mlango wa jiko, limeanza kukauka.

"Nimempandisha yule msichana huko juu tangu nikiwa mdogo," anasema, akigeukia foleni. "Mimi mwenyewe sijawahi kupaona alipofika."