Chungu Kisichooshwa

Juzi mgeni wa Kijapani aliyefikia kwenye nyumba yangu ya wageni hapa Masoko alinimiminia kikombe kidogo cha pombe ya mchele ya kwao. Ilikuwa laini, tamu kwa mbali, na nyuma ya utamu ule kulikuwa na uchachu nilioufahamu. Rafiki yangu, ulikuwa uchachu wa pombe ya bibi yangu.

Kwa Kiswahili chake cha kuokoteza akanieleza inavyopikwa. Mchele huivishwa kwa mvuke, hutiwa ukungu maalumu unaoufanya uwe mtamu, kisha chachu hufanya kazi yake. Baba yake alikuwa mpishi wa pombe hiyo. "Mapipa yetu ya mbao hatusugui," akasema. "Chachu ya nyumba inaishi humo. Ukisugua, unaiua."

Roho iliniuma. Mimi nimelelewa Mitwero na bibi, Mmakonde aliyeshuka kutoka uwanda wa juu na mbegu zake za mtama. Aliuloweka, akaufunika majani ya mgomba mpaka uchipue, akauanika, tukautwanga kuwa kimea, akakitia kwenye uji uliopoa. Siku ya kwanza kinywaji kilikuwa togwa tu, na jirani yetu, mvuvi Mwislamu, alipelekewa kata yake mapema kabla hakijachacha. Bibi alimtania kwamba anaikimbia pombe kama anavyowakimbia wakwe zake. Kilichobaki kiliingia kwenye chungu cheusi, na kesho yake ukitega sikio ulikisikia kikichemka bila moto.

Chungu hicho hatukuruhusiwa kukiosha. "Kifuteni kwa mkono, basi," alisema. Tulidhani ni mambo ya kizee.

Bibi alipofariki, siku ya kuondoa tanga, wanawake wa ukoo walikusanya vyombo vyake ili vigawiwe. Haipendezi kumkabidhi mtu urithi mchafu. Wakavisugua kwa mchanga na majivu, kwa upendo kabisa, mpaka chungu kile kikarudia wekundu wa udongo wake. Kila mtu alikisifia.

Tangu hapo pombe ya nyumbani kwetu inachachushwa kwa hamira ya dukani. Inalevya, lakini ladha haina.

Kwetu binti akiolewa huondoka na machicha ya pombe ya mama yake, yawe mbegu ya chungu chake kipya. Kwa hiyo mgeni alipoondoka niliwapigia simu mama zangu wakubwa, mabinti wa bibi, mmoja baada ya mwingine, na kila mmoja alisema machicha ya bibi yapo kwa mama mdogo. Nikampigia yeye. Baada ya shikamoo na marahaba nikamuuliza.

"Mimi nilijua unayo wewe, mwanangu," akasema. "Si wewe ndiye uliyekaa naye?"

Nimekata tamaa. Ladha iliyopita mikononi mwa bibi, na mama yake, na mama wa mama yake, tuliimwaga uani pamoja na maji ya kusuuzia, kisha tukaingia ndani kugawana vyungu.