Barafu Juu ya Kope

Kope la jicho langu la kushoto lililegea kwa miaka mingi. Ili nimwone mtu usoni ilinibidi niinue kidevu, na walimu wenzangu hapa Uvira walinitania kwamba natembea kama kuku anayemeza maji. Nilicheka nao. Lakini jicho la kulia halioni tangu utotoni, kwa hiyo daktari alipolipandisha lile kope na kulishona, kuona kwangu kote kulitegemea nyuzi chache.

Kesho yake uso ulikuwa umeumuka. Ukijiona hivyo usitishike. Ngozi ya kope ni nyembamba, hujaa maji upesi, na hupungua taratibu. Daktari aliniagiza nilale kichwa kikiwa juu, nisiiname, nisinyanyue mizigo, nipunguze chumvi, na niweke kitu cha baridi, si cha moto, kwa muda mfupi bila kukandamiza. Sisi wanaume barafu tunaikubali. Kukaa bure ndiko kunakotushinda. Mke wangu alinunua kwa jirani sashe, vile vifuko vya plastiki vya maji, zikiwa zimeganda, akazifunga kwa kitambaa safi.

Ndipo akafika kaka yangu mkubwa kutoka Rurambo, mfugaji, aliyenilea baada ya baba kufa. Aliniangalia mara moja tu, akakunja mikono ya shati.

"Shemeji, leta maji ya moto na chumvi. Tumukande huyu."

"Yaya," nikamwambia, maana ndivyo tunavyomwita kaka mkubwa, "docta alikataza moto."

"Docta ndiye alikulea? Kiwele cha ng'ombe kikivimba, miye nakikanda na nini?"

"Na maji ya moto."

"Sasa weye unashinda ng'ombe?"

Mke wangu alicheka mlangoni, lakini beseni akalileta. Neno la mkubwa halikataliwi. Kaka alichovya kitambaa, nikakitazama kikifuka mvuke mkononi mwake. Vidole vile vikibonyeza nyuzi, kope litaanguka tena. Nikimsukuma mkono mbele ya mke wangu, nimemvunjia heshima.

"Yaya," nikasema, "dume likipigwa pembe leo leo, damu ingali mbichi, unalikanda pia?"

"Hapana. Kwanza nalisimamisha mu mto, ndani ya baridi."

"Basi ya miye iko bado mbichi."

Akakirudisha kitambaa ndani ya beseni. "Si ungesema mbele sijachoma vidole!"

Akachukua sashe mwenyewe, akaiweka juu ya kope kwa wepesi ambao sikuujua mikononi mwake. Majirani walipokuja kuniombea, wakapiga magoti, aliwatangulia: "Muombe tu. Huyu hainamishi kichwa, na si kiburi."

Alikaa nasi mpaka uvimbe ukashuka. Asubuhi moja kope likafunguka lenyewe, nikamwona mzima kitini kando ya kitanda, kuanzia kofia hadi viatu. Alikuwa amesinzia, na sashe imeyeyukia juu ya suruali yake. Sikumwamsha. Niliendelea kumtazama.